Kifurushi Kwenye Koti la Baba

Jumatatu, 3 Juni
Daftari hili ni mali ya Gwamaka, mtoto wa mwisho wa mzee Wiliam wa Igamba. Ukiliokota, lirudishe. Ukiwa ni dada Fortunata, lifunge sasa hivi ukanichemshie viazi.

Leo tumeanza kuchuma kahawa. Nimechuma ndoo saba. Wengine na wao wamechuma, siwataji wasije wakalia.

Ijumaa, 7 Juni
Baba kanituma Tunduma kununua waya wa meza za kuanikia. Nikapita kwa Lucky, fundi simu wa pale yanaposimama malori, anijazie kadi ya redio. Nikamwambia anitilie nyimbo za Zambia, zile za kutikisa mabega.

Nimefika nyumbani, nimeita watu wote, nimewasha, mabega yameshaanza. Akatoka mzungu mzee anaongea taratibu kama anaogopa meno yasije yakadondoka. Watu wamecheka mpaka beseni la kahawa likamwagika. Kumbe Lucky kaninakilia kadi ya dereva mmoja wa lori, ambaye foleni ya mpakani humlaza humo siku nne, basi anasikiliza hadithi.

Nikataka kuzima. Shangazi Anastazia akanishika mkono. "Acha. Kuna mtu atakufa humo."

Jumatatu, 10 Juni
Ni kitabu kizima cha Uingereza ya zamani kinachosomwa kwa sauti, msomaji anasema vipande ni thelathini na nne. Mimi nilifika kidato cha pili, Kiingereza nakijua, ila cha huyu mzee kina kona nyingi. Shangazi ndiye mkalimani. Alikaa Kitwe, Zambia, na marehemu mumewe miaka ishirini na mbili, akarudi kutulea mimi na Fortunata Mama alipofariki. Tunachambua kahawa mezani, anasikiliza kidogo, anazima, anatafsiri, anawasha. Kanali anapokunywa pombe, Shangazi anasema amekunywa dawa ya kikohozi. Huyo Kanali ana kikohozi kikubwa.

Mambo yenyewe: Kanali ni mzee tajiri, nyumba yake ina vyumba kama bweni. Anaumwa na haponi. Kila siku mtu wa humohumo ndani anamtilia unga mweupe kwenye chakula, kidogokidogo. Mpelelezi anaitwa Bwana Hamfri, mnene, mvivu, anashuku mpaka paka. Anasema sumu haitoki mbali, inatoka kwa mtu anayekuuliza umelalaje.

Nimemwelewa sana huyu mzee. Tunafanana, isipokuwa unene.

Jumatano, 12 Juni
Amefika Yonasi kutoka Ivuna. Huyu ndiye aliyeleta barua ya posa ya Fortunata. Barua imekubaliwa, lakini Baba amesema kabla ya harusi aje achume nasi msimu mmoja tumwone mikono. Mrefu, mpole, anacheka kwa pua. Analala kwenye chumba cha stoo.

Anajua adabu, hilo nakubali. Kwetu mkwe hali sahani moja na baba mkwe, hamtazami usoni, wala hampi kitu mkono kwa mkono. Leo Baba alitaka panga, Yonasi akaliweka chini, akarudi nyuma hatua tatu, Baba akaliokota.

Nimemshinda kuchuma. Ndoo nane kwa saba na nusu. Fortunata anasema ile nusu ilikuwa imejaa. Mapenzi yameanza kuharibu hesabu.

Jumamosi, 15 Juni
Ukungu siku nzima. Kahawa imefunikwa turubai. Uingereza nako kuna ukungu.

Jumatano, 19 Juni
Nimempeleka Baba kliniki. Presha mia na themanini juu ya mia na kumi. Nesi amesema wazi: presha hii isiposhuka tutampoteza, au atapooza upande. Ameuliza kama anakula chumvi. Nikamwambia tangu Machi Shangazi hatii chumvi hata chembe, sufuria ya Baba iko peke yake. Nesi akaguna. Akasema basi haelewi.

Mimi pia sielewi. Mzee anameza vidonge, hali chumvi, presha inapanda. Mama alikufa hivyohivyo, wakasema hawaelewi.

Ijumaa, 28 Juni
Jambo la kuandika. Tangu Machi Baba alikuwa akiletewa chakula analalamika. "Anastazia, hii mboga imekufa na hamjaizika." Kila siku. Sasa ana wiki mbili halalamiki. Anachukua sahani yake anakwenda kula peke yake kwenye kibanda cha mashine ya kumenyea kahawa, anarudi na sahani nyeupe.

Leo kwenye kipande cha kumi na mbili, Kanali naye kanyamaza. Bwana Hamfri akasema mgonjwa akiacha kulalamika ghafla, mwangalie aliyeingia nyumbani karibuni.

Kwa Kanali aliyeingia karibuni ni mkwe. Nimeacha kuchambua. Nimemtazama Yonasi. Alikuwa anageuza kahawa, anacheka kwa pua.

Jumamosi, 6 Julai
Nimeona kwa macho yangu haya mawili.

Koti kuukuu la Baba, lile la kaki, hutundikwa msumarini kwenye kibanda cha mashine. Mchana nilikuwa nyuma ya kibanda kwa shughuli zangu binafsi. Kupitia tundu la ubao nikamwona Yonasi anaingia, anatazama mlangoni, anatoa kifurushi cha nailoni kilichofungwa fundo, anakitia mfuko wa kushoto wa koti. Akatoka anapiga mluzi. Mtu asiye na hatia hapigi mluzi baada ya kutia kitu kwenye koti la mwenzake.

Nikaingia. Ndani ya nailoni kuna chengachenga nyeupe zenye ukijivu kidogo.

Sikuonja. Bwana Hamfri huonja kwa ncha ya ulimi, lakini yeye ni wa kwenye redio.

Jumapili, 7 Julai
Kanisani nimekaa nyuma ya Yonasi. Anaimba vizuri. Mkwe wa Kanali anapiga kinanda.

Jumanne, 9 Julai
Nimemuuliza Fortunata, kwa akili, kama Yonasi ni mtu wa dawa za kienyeji. Kaniuliza kama nimekunywa dawa ya kikohozi ya Kanali. Nikamwambia mapenzi ni kama ukungu wa Julai. Akanirushia ganda la kahawa, likanipata jichoni. Hili nalo nimeliandika.

Alhamisi, 11 Julai
Baridi. Ndoo nne. Mikono imekufa ganzi.

Jumatano, 17 Julai
Yonasi ameomba ruhusa kwenda kwao Ivuna siku tatu. Baba kampa haraka mno. Baba, ambaye mimi nikiomba nusu siku ananisomea historia ya ukoo.

Ijumaa, 19 Julai
Yonasi hayupo na Baba anaumwa roho. Amesukuma sahani, amemfokea Shangazi, amemfokea jogoo. Bwana Hamfri alieleza: mwili ukishaizoea sumu, huidai.

Jumamosi, 20 Julai
Yonasi amerudi. Kaniletea mitungo miwili ya samaki wakavu wa Rukwa, nimekula ili asinishtukie. Jioni nimepekua koti. Kifurushi kipya, kikubwa kuliko kile.

Jumatano, 24 Julai
Kliniki. Mia na tisini na mbili juu ya mia na kumi na tano. Nesi aliandika tu. Wakati wa kurudi Baba alisimama mara tatu kwenye mteremko ambao mwaka jana alikuwa anaupanda na gunia. Mara ya tatu akashika bega langu, akajidai anaangalia mibuni ya watu. Sikusema kitu. Mimi, Gwamaka.

Ijumaa, 26 Julai
Kipande cha thelathini na tatu. Bwana Hamfri kaita watu wote sebuleni baada ya chai, mkwe, mpishi, nesi, mpwa, wote. Kafunga mlango. Kasema, "Muuaji yumo humu." Halafu redio ikaimba wimbo wa kwaya.

Cha thelathini na nne hakimo. Nimetafuta kadi yote. Nimempigia Lucky, anasema labda kadi ilijaa, nimsubiri yule dereva arudi na mzigo wa shaba.

Shangazi kakaa na kahawa kiganjani. Halafu akasema ameshamjua, ni nesi. Fortunata anasema mpwa. Nikauliza Yonasi anasemaje. Akasema yeye anamwonea huruma Kanali tu.

Hata kwenye kitabu hivyo ndivyo wanavyosema.

Jumatatu, 29 Julai
Ushahidi lazima upimwe. Nimechukua vijiko viwili vya ule unga kwenye koti, nimevikoroga na pumba, nimempa yule kuku mweusi wa Shangazi, yule anayetaga ovyo.

Jumanne, 30 Julai
Kuku amekufa.

Shangazi anasema ni kideri. Nimemzika mwenyewe nyuma ya mgomba, nikasimama pale. Baba anatiliwa kitu hiki tangu Juni.

Nimechukua kifurushi chote nimekificha kwenye buti langu. Nani wa kumwambia? Fortunata atamtonya. Shangazi atapiga kelele kijiji kijae, Yonasi akimbie. Nitafanya kama alivyofanya Bwana Hamfri. Jumapili, baada ya chai.

Jumamosi, 3 Agosti
Nimefua shati.

Jumapili, 4 Agosti
Naandika polepole niandike sawasawa.

Tulirudi kanisani. Nikamwambia Shangazi nina jambo la familia, aweke chai na viazi sebuleni. Nikamwita na Yonasi. Akasita mlangoni kwa sababu Baba alikuwa ndani. Nikamwambia leo ni ruhusa. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini. Fortunata akaona shati langu akauliza kama na mimi naposa.

Nikafunga mlango. Nikasema, "Muuaji yumo humu."

Shangazi akacheka, akidhani namaliza ile hadithi. Nikaeleza yote. Presha inayopanda bila sababu. Sahani inayoliwa kibandani. Tundu la ubao, nailoni, koti. Nikasema kuku hakufa kwa kideri. Nikakitoa kifurushi kwenye buti, nikakiweka mezani katikati ya vikombe, juu ya kitambaa alichofuma Mama. Niliongea vizuri, sijawahi kuongea vile. Hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Fortunata akamgeukia. "Yonasi. Ni kweli ulikiweka?"

"Ni kweli."

"Ni nini?"

Jasho lilimtoka na baridi hii ya Agosti.

"Yonasi, nakuuliza mimi. Ni nini?"

"Siwezi kusema mbele ya baba," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Mimi nikasema mmesikia wenyewe. Shangazi alikuwa ameshasimama, anasema aitwe mwenyekiti wa kitongoji kabla kijana hajatoka. Fortunata hakulia. Aliinuka akaenda akasimama upande wa Baba, akamwekea mkono begani, akamtazama Yonasi kama mtu asiyemjua. Nilikuwa nimesubiri hilo wiki nne. Lilipokuja halikuwa tamu nilivyodhani.

Yonasi akapiga goti, akasema, "Nisameheni kwa usumbufu." Akafungua mlango akatoka. Dirishani tulimwona anaingia stoo, anatoka na begi lake, anapita kati ya meza za kahawa. Alipofika meza ya mwisho akasimama, akarudisha turubai lililokuwa limefunuka, akaendelea kwenda.

Ndipo Baba akavuta kile kifurushi. Alilifungua lile fundo kwa meno, kama mtu aliyekwisha kulifungua mara nyingi. Akachukua kiazi, akakinyunyizia mpaka kikawa cheupe, akang'ata.

Nilimrukia mkono. Akaniondoa kama inzi.

"Ni chumvi," akasema, anatafuna. "Chumvi ya Ivuna. Nilimwagiza mimi."

Shangazi akauliza tangu lini.

"Siku ile alipofika. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nikasema mkwe akinipenda ataniwekea kwenye koti, na mtu asijue. Angenikatalia vipi? Ameleta barua kwangu." Akakitazama kiazi. "Nilijua anajua ninaumwa. Nikamwagiza hivyohivyo."

Shangazi akakaa. Miezi mitano anapika sufuria mbili. Alisema neno moja tu, "Wiliam," akafunika uso na kanga.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule kwenye shati langu lililofuliwa. Sumu ilikuwa sumu kweli. Aliyeiweka ndiye niliyemtaja. Kila kitu nilikipata, nikakosa mtu.

Baba akanyanyuka. Hakuvaa viatu. Baba hamfuati mtu, watu humfuata. Alitoka akapita kati ya meza za kahawa, anahema, tukamwona anamfikia Yonasi penye mikaratusi. Yonasi akapisha njia, akainamisha kichwa. Baba akaushika mkono wake, akauchukua ule mkanda wa begi kutoka kwenye vidole vyake. Mkono kwa mkono. Shangazi alishika mdomo. Hakuna aliyewahi kuona mkwe akifanyiwa hivyo.

Walisimama pale muda mrefu. Halafu Yonasi akachukua begi lake, taratibu, akaenda zake barabarani. Baba akarudi peke yake.

Jumatatu, 5 Agosti
Fortunata hasemi na mimi. Hasemi na Baba wala na redio.

Shangazi amesema nyuma ya mgomba kuna kuku wake na anataka mwingine, mtagaji. "Hata mtoto mchanga wa Ivuna anajua chumvi nyingi inaua kuku. Wewe umesoma mpaka kidato cha pili."

Alhamisi, 8 Agosti
Baba kaniita. Kasema, kosa ni langu, lakini aliyelitangaza sebuleni ni wewe, kwa hiyo miguu ya kwenda Ivuna ni yako. Presha hainiruhusu. Nikasema barabara mbaya. Akasema ndiyo.

Jumanne, 13 Agosti, Ivuna
Joto la huku si la binadamu. Nimefika na jogoo mkononi na barua ya Baba mfukoni. Mama yake Yonasi, mama Judith, alisoma barua mbele ya ukoo wote, akairudia sehemu aliyoandika "mwanangu alidhani". Wakacheka sana. Yonasi alikuwepo, ametazama chini, lakini niliisikia ile pua.

Wakanikaribisha chakula. Ugali, samaki, mchicha. Nikamega, nikatia mdomoni. Hakuna chumvi. Samaki hana, mchicha hauna. Hapo nyuma ya nyumba kuna magunia ya chumvi yamepangwa mpaka dirishani.

"Kula, mwanangu," mama Judith akasema. "Hatujaweka kitu chochote. Usije ukasema tumekulisha sumu."

Nikala nikamaliza. Wote wananitazama. Mboga ile ilikuwa imekufa na haijazikwa. Nikamkumbuka Baba, tangu Machi, kila siku, sahani ileile. Nilikuwa nikimcheka.

Jumatano, 14 Agosti, Ivuna
Kwao kazi ni kupika chumvi, nami nimeteka maji ya chumvi na kuchochea moto chini ya masufuria tangu asubuhi. Yonasi anafanya mara mbili yangu na haongei. Mchana nikamwambia, "Shemeji, sikukushinda ile siku ya kwanza. Ile nusu ilikuwa imejaa." Akacheka kwa pua.

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema angejitetea, Fortunata angejua baba yake ni mwongo. Sasa je, angefanya nini na ukweli huo? Nikauliza na kama Baba angekufa? Hapo hakucheka. Alichochea moto, halafu akasema kila alipotia kifurushi kwenye lile koti alipunguza kidogo, na ile mara ya Julai mzee akamwagiza kwa hasira alete kingi. "Nilikuwa natafuta namna ya kumkatalia. Sikuipata. Nilipaswa kuipata."

Jioni mama Judith akaweka kisahani cha chumvi mbele yangu. Nilichukua chembe mbili tu.

Jumamosi, 17 Agosti
Tumerudi wawili. Fortunata alikuwa anaosha kahawa. Alimpa Yonasi ndoo, mimi akanimwagia maji miguuni, bahati mbaya.

Ijumaa, 23 Agosti
Yule dereva amepita. Lucky kanipigia simu, nimekwenda Tunduma na kurudi. Kipande cha thelathini na nne ninacho, kwenye kadi yake peke yake. Baba, ambaye naye alikuwa akiitegea sikio hadithi msimu wote, kaniona akanyoosha mkono. Nikamwambia hapana, mzee wangu. Tunaanza upya kutoka cha kwanza. Ukimaliza sahani ya Shangazi mbele yetu, hapa mezani, unapata kipande kimoja. Cha mwisho utakipata kliniki ikishakubali. Shangazi akasema hilo ndilo jambo la kwanza la maana nimesema tangu nizaliwe.

Jumatatu, 2 Septemba
Kipande cha kumi na moja. Amekula mboga. Ametukana mboga. Amekula.

Jumatano, 25 Septemba
Kliniki. Mia na arobaini na mbili juu ya tisini. Nesi ameuliza tumefanya nini. Nikasema ni upelelezi. Mteremko ule Baba kasimama mara moja, na ilikuwa kumsalimia mtu.

Kahawa yote imekauka, magunia yameshonwa, harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tukakaa wote kwenye meza tupu, Yonasi kwenye ncha yake huko, nikachomeka kadi. Bwana Hamfri akaanza. La kwanza kabisa akamwomba radhi mkwe, kwa maneno marefu, Shangazi akayatafsiri yote bila kuruka hata moja, akinitazama. Nikajifanya natafuta kahawa mbovu kwenye waya usio na kahawa.

Halafu akasema, sasa nitamtaja.

"Zima," Baba akasema.

Nikazima. Tukamtazama.

"Ikiisha hiyo, ile mboga nitaila kwa sababu gani?"

Akatoa kadi mwenyewe, akaifunga kwenye kipande cha nailoni, fundo, akaenda nayo kibandani akaitia kwenye koti, mfuko wa kushoto. Kasema tutamalizia harusi ikipita. Au Krismasi. Ataona.

Alhamisi, 26 Septemba
Nimepita pale kibandani mara tatu. Koti liko msumarini. Sijagusa. Mara ya tatu nilimkuta Shangazi naye anapita.